Mafua tu, au influenza? Kuusoma ugonjwa nyumbani tangu saa za kwanza

Mtu mwenye mafua ya kawaida ukimuuliza yalianza lini, atasita kidogo: juzi koo lilikuwa likimwasha, jana akaanza kupiga chafya, leo pua imeziba. Mwenye influenza hasiti. Atakuambia alikula chakula cha mchana vizuri tu, na kufika alasiri alikuwa amejifunika blanketi, anatetemeka, kichwa kinamgonga. Mwanzo huo wa ghafla ndio dalili ya kwanza ya kuangalia, na una uzito kuliko kamasi au kikohozi kikitazamwa peke yake.

Tunaanza na hili kwa sababu hakuna dalili hata moja ya influenza isiyopatikana katika ugonjwa mwingine. Homa inaletwa na malaria, dengue, nimonia, surua. Kikohozi kinaletwa na UVIKO-19, pumu, kifua kikuu. Viungo huuma katika karibu kila homa kali. Anayehesabu dalili peke yake anaweza kufikia jibu lolote analolitaka. Kinachosaidia ni kujua ugonjwa ulianzaje, unasogeaje siku hadi siku, na kama mgonjwa bado anapumua vizuri, anakunywa na ana fahamu zake.

Mwili wote unauma, pua bado kavu

Virusi vya influenza vinavyosumbua watu kila mwaka ni vya aina A na B. Huingia kwa hewa na matone ya anayekohoa au kuongea karibu, au kwa mkono ulioshika kitu chenye virusi kisha ukagusa pua, mdomo au jicho. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua hupita siku 1 hadi 4, mara nyingi 2. Ukitaka kujua ulivitoa wapi, usirudi nyuma wiki nzima. Kumbuka ulikuwa na nani juzi na juzi yake.

Virusi hushambulia seli zinazofunika njia ya hewa, kutoka puani na kooni hadi kwenye mirija ya mapafu. Mwili ukishagundua, humwaga kwenye damu kemikali za tahadhari, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha joto, kuumiza misuli, kukata hamu ya kula na kumlaza mtu kitandani. Ndiyo maana mgonjwa analalamikia kiuno na mapaja tangu jioni ya kwanza huku pua yake ikiwa kavu. Ndiyo maana pia kikohozi cha mwanzo ni kikavu, na huuma katikati ya kifua: utando wa njia ya hewa umechubuka, makohozi bado hayapo. Vinywele vidogo vinavyosukuma uchafu kutoka mapafuni huharibika pamoja na seli hizo, na huchukua wiki kadhaa kurudi. Jambo hili tutalihitaji tukifika kwenye nimonia.

Mtu mzima, na mzee

Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya yake, picha ya kawaida ni baridi inayotetemesha, kisha homa ya nyuzi 38 hadi 40, kichwa kuuma hasa kwenye paji na nyuma ya macho, macho yenyewe kuuma yanapogeuzwa, mgongo na miguu kuuma, na uchovu wa kushindwa hata kwenda kuoga. Koo linaweza kuwasha na pua ikaziba, lakini si hayo yanayomlaza. Homa huwa juu zaidi siku ya kwanza na ya pili, na hudumu siku 3 hadi 4, pengine 5. Ikishuka, hubaki kikohozi na uchovu.

Mwenye mafua ya kawaida ana homa ndogo au hana kabisa, kamasi zinamtiririka, na anaweza kwenda kazini huku akinung'unika. Mwenye influenza kamili haendi popote. Kipimo hiki si rasmi, na kina upande mmoja tu wa kuaminika: mwanzo wa ghafla wenye homa kali na kikohozi unaielekeza shaka kwenye influenza, ila dalili ndogo haziiondoi. Wapo wanaoipata kwa wepesi, wakadhani ni mafua ya kawaida, wakaipeleka kwa mtoto mchanga au kwa bibi mwenye kisukari.

Na huyo bibi ana namna yake ya kuugua. Kwa watu wenye miaka 65 na zaidi joto linaweza lisipande, au likapanda kidogo tu. Kinachoonekana ni kwamba amekataa chakula, anachanganya siku, ameanguka akienda msalani, au analala mchana kutwa. Familia nyingi husema ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri juzi na leo haeleweki ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kipimajoto kiseme kitakavyosema.

Mtoto: tazama mwenendo wake kabla ya pua

Mtoto wa miaka 3 hajui kusema misuli inamuuma. Atasema "miguu", atataka kubebwa, atalia akiguswa, ataacha mchezo anaoupenda. Homa ya watoto hupanda juu kuliko ya wakubwa, nyuzi 39.5 au 40 si jambo la ajabu katika influenza, na ukubwa wa namba hiyo peke yake hauonyeshi ugonjwa ni mzito kiasi gani. Mtoto mwenye 39.5 ambaye homa ikipungua anaomba maji na kumfuatilia mama yake kwa macho yuko katika hali nzuri kuliko mwenye 38.3 aliyelegea na asiyejali nani ameingia chumbani.

Tumbo huwapotosha wazazi. Watoto wenye influenza hutapika, huharisha na kulalamika tumbo mara nyingi zaidi kuliko watu wazima, kwa hiyo lawama huangukia chakula cha jana. Kutapika kukija na homa ya ghafla na kikohozi kikavu, na nyumbani au darasani kuna wengine wanaougua hivyohivyo, influenza iingie kwenye mawazo.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi hutokea siku ya kwanza, joto linapopanda kwa kasi. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, na tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimmwagie maji. Likizidi dakika 5 ni dharura. Hata likiisha baada ya dakika moja mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu degedege pia ni dalili ya malaria kali na ya homa ya uti wa mgongo, na kwa kumtazama tu nyumbani huwezi kuzitenganisha.

Kuna dalili moja isiyozungumzwa sana. Mtoto wa umri wa shule, homa ikiwa imeanza kushuka, anaamka na kukataa kutembea, au anatembea kwa vidole akisema vigimbi vinauma. Wazazi hufikiria kupooza. Mara nyingi ni uvimbe wa misuli ya vigimbi unaoletwa na influenza, hasa aina B, na hupona wenyewe katika siku chache kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Aonekane na mtabibu hata hivyo, na haraka zaidi mkojo ukiwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, maana hapo misuli inavunjika na figo ziko hatarini.

Mtoto mchanga hafuati lolote kati ya hayo. Anaacha kunyonya, analala kupita kawaida, au anapumua kwa kukatiza. Aliye chini ya miezi 2 mwenye joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, hasubiri kupimwa tena asubuhi. Anapelekwa kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Katika umri huo hakuna anayeweza kutofautisha mafua na maambukizi ya damu kwa kuangalia.

Kipimajoto na makosa yake

Mkono wa mama ni mzuri kugundua kwamba mtoto hana homa. Hauwezi kutofautisha 38.2 na 39.6. Kipimajoto cha kidijitali cha kwapani kinatosha. Futa jasho, weka ncha katikati ya kwapa ikigusa ngozi na siyo nguo, bana mkono kifuani, subiri mpaka kilie. Joto la kwapani huwa chini ya joto la ndani ya mwili kwa takriban nusu nyuzi, na ndiyo sababu vituo vya afya huhesabu 37.5 ya kwapani kuwa homa.

Makosa huja kwa njia chache. Mtoto aliyetoka mgongoni, amefunikwa khanga mbili na kofia ya sufu, hupandisha joto la ngozi. Mfunue, subiri dakika 15 au 20, ndipo upime. Vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji hudanganywa na jasho, feni na jua. Anayepimwa mdomoni baada ya chai ya moto ana homa ya chai. Kosa kubwa kuliko yote ni kupima saa moja baada ya kumpa paracetamol na kuridhika. Pima kabla ya dawa, kisha andika saa, joto, dawa na kiasi chake, alichokunywa, mara alizokojoa. Karatasi hiyo, hata kama ni nyuma ya daftari la shule, ina thamani kubwa kwa daktari kuliko maneno "amekuwa na homa tu".

Usiseme influenza kabla ya kupima malaria

Kwa anayeishi au aliyesafiri kwenye eneo la malaria, homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, hata kama pua inatoka kamasi. Kikohozi hakiondoi malaria. Watoto wenye malaria hukohoa pia. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole na hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na kinastahili kufanyika ndani ya saa 24 tangu homa ianze.

Jibu lake nalo lisomwe kwa akili. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi ya dawa mseto wiki mbili zilizopita na leo ana homa mpya anaweza kuonyesha malaria ambayo hana. Mweleze mhudumu kuhusu dozi hiyo ili damu iangaliwe kwa darubini. Kinyume chake pia hutokea: mtu ana malaria na influenza kwa wakati mmoja. Kipimo kikionyesha malaria na akatibiwa, lakini pumzi zikaendelea kuwa za haraka, usiseme dawa haijaanza kufanya kazi. Kuna jambo la pili mapafuni. Na kipimo kikikataa, usinunue dawa ya malaria "kwa usalama". Tiba ya ugonjwa usiokuwepo huchelewesha ya uliopo.

Dengue inahitaji tahadhari ya peke yake kwa watu wa mwambao; Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko yake mwaka 2014 na mwaka 2019. Nayo huanza ghafla, na maumivu ya nyuma ya macho na viungo yanafanana kabisa na ya influenza, ila kikohozi na kamasi kwa kawaida havipo au ni kidogo. Tofauti kubwa iko kwenye kalenda. Katika influenza homa ikishuka mtu anaanza kupona. Katika dengue hatari inaweza kuanza hapohapo homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, mwili kulegea. Kwa sababu hiyo, homa ambayo haijajulikana isitulizwe kwa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol ndiyo salama.

Surua ni mtego mwingine. Siku zake za kwanza ni homa, kikohozi, kamasi na macho mekundu yenye machozi, na kila mtu husema mafua. Upele huja siku chache baadaye, ukianzia usoni na nyuma ya masikio na kushuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha kiganja, utahisi ngozi imekuwa ya chengachenga. Mtoto ambaye hakukamilisha chanjo ya surua na ana macho mekundu asipelekwe kukaa kwenye benchi na watoto wengine; toa taarifa mlangoni.

UVIKO-19 na influenza hazitenganishwi kwa macho. Kipimo tu ndicho kinachotenganisha. Homa ya matumbo hupanda polepole siku hadi siku badala ya kuvamia.

Kuhesabu pumzi

Kama kuna ujuzi mmoja ambao kila mlezi angepaswa kuwa nao, ni huu. Influenza huua hasa kwa njia ya mapafu, na mapafu hutoa taarifa mapema kwa anayejua kuhesabu. Subiri mtoto atulie au alale. Asiwe analia wala ananyonya. Pandisha nguo, tumbo na kifua vionekane. Hesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika moja nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio sawa.

Pumzi ni za haraka zikifika:

- 60 au zaidi kwa dakika, kwa aliye chini ya miezi 2
- 50 au zaidi, kwa wa miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, kwa wa miezi 12 hadi miaka 5

Homa yenyewe huongeza pumzi kidogo. Ukipata namba iliyo mpakani, mtulize uhesabu tena. Ikibaki palepale, nenda kituoni. Lakini ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, pua zinatanuka, au anakoroma na kuguna kila pumzi, acha kuhesabu na uondoke. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea na haamki vizuri, mwenye shingo ngumu, au mchanga ambaye utosi wake umevimba.

Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 30, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, ni dharura. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kisichoisha, na kupitisha nusu siku bila kukojoa. Wanaoambiwa waangalie "midomo ya bluu" mara nyingi hawaoni kitu kwa sababu ngozi ni nyeusi. Geuza mdomo wa chini utazame kwa ndani, angalia ulimi, kucha na viganja: rangi ya kijivu ndiyo unayoitafuta.

Baada ya UVIKO-19 nyumba nyingi zilibaki na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Namba ya 95 kwenda juu ni nzuri. Ikishuka chini ya 94, na mkono ni wa joto na haujatikisika, tafuta msaada. Ondoa rangi ya kucha kwanza. Hina iliyokolea au piko vinaweza kuvuruga kipimo, kwa hiyo tumia kidole kisichopakwa. Vifaa hivi pia huwa na tabia ya kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, hivyo mtu anayehema akiwa na 95 aaminiwe yeye na siyo kioo.

Siku ya nne na ya tano

Hapa ndipo familia nyingi hulegea. Homa imeshuka, mgonjwa ameomba uji, kila mtu ameshukuru. Kisha siku ya 5 au ya 6 baridi inarudi, homa inapanda tena, kikohozi kikavu kinageuka kuwa cha makohozi mazito ya njano, kijani au rangi ya kutu, na kifua kinachoma upande mmoja akivuta pumzi. Huko si "kurudiwa na mafua". Bakteria wamepata njia kwenye utando uliochubuka, vile vinywele vya kusukuma uchafu vikiwa havipo, na hii ni nimonia inayohitaji antibiotiki bila kuchelewa. Nafuu inayofuatwa na homa mpya ni dalili ya hatari kwa umri wowote. Kwa mtoto, homa mpya pamoja na kuvuta sikio au kulia usiku inaweza kuwa sikio lililoingiwa na maambukizi; nalo linatibiwa, ila halina haraka ileile.

Cha kumpa, na cha kuacha dukani

Paracetamol ya watoto huhesabiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Dawa ya maji iliyoandikwa 120 mg/5 ml, mtoto wa kilo 10 apewe ml 5, wa kilo 15 apewe ml 7.5, wa kilo 20 apewe ml 10. Soma chupa kwanza, kwa sababu zipo za 250 mg/5 ml, na anayepima kwa mazoea hutoa mara mbili. Vijiko vya jikoni havilingani. Tumia kikombe cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano. Mtu mzima humeza vidonge 1 hadi 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe achukue pungufu na aulize kwanza. Vidonge vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa jina la dawa ya mafua tayari vina paracetamol ndani. Anayemeza hivyo pamoja na paracetamol ya kawaida anajilimbikizia dozi, na ini ndilo linalolipa.

Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 18 mwenye dalili za influenza; inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini wa kuua, unaoharibu ini na ubongo. Dawa za maji za kikohozi na mafua hazifai kwa walio chini ya miaka 6: faida yake haijaonekana, madhara yapo. Mwaka 2022 nchini Gambia makumi ya watoto walikufa kwa figo kushindwa baada ya kunywa dawa za aina hiyo zilizokuwa na kemikali ya sumu. Asali kijiko kimoja cha chai hutuliza kikohozi cha usiku vizuri tu, ila kamwe si kwa aliye chini ya mwaka 1, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Amoksilini na azithromaisini haziui virusi. Kununua vidonge vinne "vya kuanzia" ni kutupa pesa na kuwafundisha bakteria ukaidi.

Mtoto mwenye homa avalishwe nguo nyepesi. Kumfunga blanketi ili "atoke jasho" humzidishia joto, na kumwagia maji ya baridi humtetemesha na kupandisha joto la ndani. Kujifukiza humfungulia mtu mzima pua kwa muda; mtoto asiingizwe chini ya shuka na sufuria ya maji ya moto, maana kuungua kwake ni kubaya kuliko mafua yenyewe. Anayetapika apewe maji ya chumvichumvi (ORS) kidogo kidogo, kijiko kimoja kila dakika 1 au 2, pakiti ikichanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Anayenyonya aendelee kunyonya hata kama mama ndiye mgonjwa. Maziwa hayapitishi influenza, pumzi ndiyo inayopitisha, kwa hiyo mama avae barakoa na anawe mikono.

Wasiosubiri

Wapo ambao hawapaswi kusubiri dalili ya hatari: mjamzito na aliyejifungua ndani ya wiki 2, mtoto wa chini ya miaka 5 na hasa chini ya 2, mzee, na mwenye pumu, kisukari, sikoseli, VVU, ugonjwa wa moyo au wa figo. Dawa za kupambana na virusi vya influenza, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Ndiyo faida halisi ya kukumbuka saa ugonjwa ulipoanza: mtabibu akijua kwamba mjamzito huyu alianza kutetemeka jana saa kumi jioni, anajua muda uliobaki. Si kila zahanati inayo dawa hiyo, na kwa sababu hiyo rufaa isicheleweshwe.

Chanjo hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Anayejiandaa kwa Hija au Umra asiiache mpaka wiki ya safari.

Mgonjwa huanza kuambukiza takriban siku 1 kabla ya kujisikia vibaya na huendelea siku 5 hadi 7, watoto zaidi ya hapo. Alale chumba chenye madirisha wazi, akohoe kwenye kiwiko, kikombe chake kisizunguke. Mtoto arudi shule baada ya kupita saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kumpa paracetamol asubuhi ili apite getini ni kulipelekea darasa zima ugonjwa. Kikohozi kikavu kinaweza kuendelea wiki 2 na uchovu ukabaki, hata homa ikiwa imekwisha zamani. Kikivuka wiki hizo 2, au kikiambatana na jasho la usiku na kupungua uzito, kisiitwe tena masalia ya mafua. Peleka makohozi yapimwe kifua kikuu.